Wanane Wamedisko

Nilikuwa mchungaji wa usharika miaka 14. Kazi ile niliijua: kubatiza, kufungisha ndoa, kuzika, na baada ya ibada kusimama nje kunadi mkungu wa ndizi mpaka ufike elfu thelathini. Mara ikaja barua kutoka dayosisi: kuanzia mwezi ujao wewe ni mkuu wa chuo. Chuo chenyewe cha uhasibu na ugavi, kompyuta 12, zinazowaka 7. Mama Mchungaji alifurahi kuliko mimi, akijua tutapewa gari. Tulipewa funguo 31 kwenye kamba ya katani, na hakuna aliyekumbuka upi ni wa mlango gani.

Wiki ya pili akaingia mkuu wa taaluma, mama asiyecheka hovyo, na karatasi za matokeo.

"Mkuu, hali si nzuri. Sapu arobaini, na wanane wamedisko."

Sapu nikaipita, nikadhani ni mambo ya jikoni. Lakini kudisko!

"Wote wanane?"

"Na wawili ni wa kwaya."

"Mmewajuaje?"

"Mfumo umewatoa."

Nikastaajabu teknolojia ilikofika. Mimi disko nilizozijua ni mbili tu: disko toto la Krismasi, na lile ambalo vijana wa usharika walilitorokea usiku wa mkesha. Basi kesho yake kwenye ibada ya asubuhi nikashusha Mwana Mpotevu dakika 40, pamoja na taa za rangi na viuno. Mkuu wa taaluma alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Nikadhani anaomba.

Saa nne kijana mmoja akabisha hodi, macho mekundu.

"Shikamoo Baba Mchungaji. Nimedisko."

"Marahaba. Nimesikia, mwanangu. Nani alikuponza?"

"Takwimu."

Ukumbi huo sikuwahi kuusikia. "Iko wapi hiyo, stendi?"

Akanitazama. "Iko muhula wa pili, Baba."

Nikaona mtoto amechanganyikiwa, tusimzidishie. "Sikiliza. Nimekusamehe. Ila usirudie."

Hapo ndipo akaangua kilio hasa. "Baba nakuomba, niruhusu nirudie!"

"Urudie?"

"Mwaka mmoja tu!"

"Mwaka mzima?"

Hili likanizidi kimo, nikampigia baba yake. "Mzee, kijana wako amedisko." Kimya. Halafu kicheko kirefu cha mtu aliyekaa chini ya mti. "Msamehe tu, Mchungaji. Mama yake mimi nilimpata hukohuko."

Nikalainika. Nikachukua karatasi yenye nembo ya chuo, nikaandika: *Nimemsamehe. Aendelee na masomo.* Sahihi, muhuri. Kufika saa sita wenzake wote saba walikuwa wamepanga foleni mlangoni, mmoja amekuja na Biblia. Niliwaandikia wote, na niseme ukweli, tangu nitoke usharikani sikuwahi kujisikia nafanya kazi ya maana kama asubuhi ile.

Saa nane mkuu wa taaluma akarudi, ameshika karatasi zangu nane kwa ncha za vidole kama anayebeba nepi. Akafunga mlango. Akanieleza polepole, kama anavyofundishwa mtoto wa kipaimara: kudisko ni kufeli mpaka unaondolewa chuoni. Kurudia ni kurudia mwaka. Takwimu ni somo.

"Na sapu?" nikauliza.

"Sapu baadaye, Mkuu. Kwanza nipe muhuri."

Nikampa.

Ikabaki simu ya kumweleza yule mzee. Ilinichukua mpaka jioni kupata ujasiri. Alipopokea alikuwa bado anacheka, na kabla sijafungua kinywa nikasikia sauti ya mkewe kutoka jikoni: "Ndiye Mchungaji huyo? Mwambie lilikuwa dansi, siyo disko!"