Jiji Lililokataa Kufutwa: Osaka Kati ya Gavana na Meya

Tarehe 17 Mei 2015, wakazi wa Jiji la Osaka nchini Japani walipiga kura kuamua kama jiji lao liendelee kuwepo au livunjwe. Waliotaka livunjwe walikuwa 694,844, na waliotaka libaki 705,585. Tofauti ilikuwa kura 10,741 tu, katika jiji la watu takriban milioni 2.7. Tarehe 1 Novemba 2020 waliulizwa tena, na wakakataa tena, safari hii kwa tofauti ya kura 17,167.

Ili kuelewa kwa nini swali zito kiasi hicho liliulizwa mara mbili, tuanze na ramani. Mkoa wa Osaka una kilomita za mraba 1,900 hivi, na katika mikoa 47 ya Japani ni Kagawa pekee ulio mdogo kuliko huo. Humo wanaishi watu takriban milioni 8.8, idadi inayozidiwa na ya Tokyo na Kanagawa tu. Mashariki kuna milima ya Ikoma, kusini ya Izumi, na magharibi ni bahari. Katikati ni uwanda wa mito Yodo na Yamato, uliojaa nyumba, viwanda na reli hivi kwamba mgeni hajui ameuacha mji gani na ameingia upi. Kwenye kitovu cha uwanda huo ndipo lilipo Jiji la Osaka, lenye meya wake, baraza lake, kodi zake na, tangu mwaka 1956, mamlaka ya miji mikubwa ambayo hayatofautiani sana na ya mkoa. Gavana anauongoza mkoa mzima, lakini kila anapofika palipo na fedha na watu wengi zaidi, anamkuta meya.

Pendekezo lilikuwa kulifuta jiji, kuzigeuza kata zake 24 kuwa kata maalumu chache zenye mameya wa kuchaguliwa (tano katika mpango wa 2015, nne katika ule wa 2020), kisha kumpa gavana mambo makubwa: barabara kuu, bandari, mipango miji na uchumi. Mfano wake ni Tokyo, ambako jiji na mkoa viliunganishwa mwaka 1943, wakati wa vita.

Waliounga mkono walikuwa na hoja nzito, na ushahidi wake unaonekana kutoka mbali. Mwaka 1995 ulikamilika mnara wa WTC (World Trade Center, yaani kituo cha biashara cha dunia) kwenye kisiwa kilichotengenezwa kwa kufukia bahari, mradi ulioungwa mkono na jiji. Urefu wake ni mita 256. Mwaka uliofuata, mkabala na uwanja wa ndege wa Kansai, ukakamilika mnara wa Rinku, ulioungwa mkono na mkoa. Huo una mita 256.1. Kampuni ya Rinku ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 2005, ya WTC ikafuata, na mwaka 2010 jengo la WTC likanunuliwa na mkoa kuwa ofisi. Fedha za umma ziliingia katika minara miwili ya aina moja, katika mkoa mmoja mdogo, kwa sababu ofisi mbili hazikukubaliana nani aongoze. Mlipakodi wa Osaka aliyeuona mchezo huo na kusema sasa imetosha hakuwa na kosa lolote.

Hasira hiyo ndiyo aliyoipa sauti Toru Hashimoto, mwanasheria aliyejulikana kwa vipindi vya televisheni, aliyechaguliwa kuwa gavana mwaka 2008. Mwaka 2010 alianzisha chama cha Osaka Ishin, na mwaka 2011 akafanya jambo la nadra: aliacha ugavana akagombea umeya, akashinda, huku mwenzake Ichiro Matsui akiuchukua ugavana. Tangu hapo viti vyote viwili vimekaa mikononi mwa chama hicho.

Hata hivyo, utambuzi sahihi wa ugonjwa hauhalalishi kila dawa. Hoja ya kwanza ya wapinzani ilikuwa fedha. Jiji likifutwa, kodi kubwa kama za makampuni na za ardhi na majengo zingekwenda kwanza mkoani, kisha zirudi kwenye kata kwa mgao. Nani angehakikisha kwamba miaka ishirini baadaye mgao huo bado unatosha shule na wazee? Siku chache kabla ya kura ya 2020, vyombo vya habari viliripoti makadirio ya idara ya fedha ya jiji kwamba kuligawa jiji katika sehemu nne kungeongeza gharama kwa yen bilioni 21.8 kwa mwaka. Baadaye mkuu wa idara aliyafuta makadirio hayo, akisema hayakuendana na mpango wenyewe. Basi wananchi wakaingia vituoni bila kujua washike hesabu ipi. Hoja ya pili naiona nzito zaidi: sheria ya 2012 iliyoruhusu kura hiyo haikuweka utaratibu wowote wa kulirudisha jiji likishavunjwa. Kura ya kukataa ingeweza kurudiwa, na kweli ilirudiwa. Kura ya kukubali ingekuwa ya milele.

Lipo pia la historia, na hapa sikubaliani na wanaosema ni hisia tu za wazee wanaopenda ya kale. Osaka ilijengwa na wafanyabiashara. Soko la mchele la Dojima lilitambuliwa na serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa zama hizo, mwaka 1730, na humo watu waliuziana mchele wa siku zijazo kwa bei ya leo, biashara iliyokuja kuenea duniani baadaye sana. Mwaka 1925 jiji lilipanua mipaka yake, likaipita Tokyo kwa idadi ya watu. Meya Hajime Seki akalijengea treni ya chini ya ardhi, iliyoanza kazi mwaka 1933 ikiwa ya kwanza nchini kuendeshwa na mamlaka ya umma, na barabara pana ya Midosuji, iliyokamilika mwaka 1937. Kazi hiyo ilifanywa na jiji lililokuwa na mamlaka na fedha zake. Jirani yake Sakai, mji wa mafundi visu na wa Sen no Rikyu, bingwa wa sherehe ya chai, una kumbukumbu ndefu zaidi ya wafanyabiashara kujitawala. Mwaka 2013 wapiga kura wake walimrudisha madarakani meya aliyeupinga mpango huu, na Sakai ikabaki nje.

Ninachowalaumu wanamageuzi ni kuahidi kwamba muundo mpya ungeinyanyua Osaka kiuchumi. Osaka haikudidimia kwa sababu ya minara miwili. Tangu mwaka 1964 sheria ya taifa ilizuia viwanda vikubwa na vyuo vikuu kujengwa katikati ya miji ya eneo hilo, na haikufutwa hadi 2002. Makampuni yaliyozaliwa Osaka yalihamishia makao yake makuu Tokyo, karibu na wizara na mabenki. Sharp, iliyojenga kiwanda kikubwa cha vioo vya televisheni Sakai, ilinunuliwa na Foxconn ya Taiwan mwaka 2016, na uzalishaji wa vioo hivyo ukakoma mwaka 2024. Gavana mwenye nguvu mara mbili asingeizuia bei ya vioo kuporomoka duniani.

Na kuna yasiyopimika kwa kipimo cha ufanisi. Mwaka 2012 Hashimoto, akiwa meya, aligombana na wasanii wa bunraku, maigizo ya vikaragosi yaliyokulia Osaka na kutambuliwa na UNESCO. Alitaka ruzuku yao ipungue na ifuate idadi ya watazamaji. Kuuliza kodi inakwenda wapi ni haki ya kila kiongozi. Lakini kikaragosi kimoja huendeshwa na watu watatu, na kuimudu miguu yake tu huchukua miaka mingi ya kujifunza. Sanaa ya namna hiyo ukiikadiria kwa tiketi za mwaka mmoja, unaiua.

Baada ya kushindwa mara mbili, mengi ya yaliyotakiwa yamefanyika bila kulivunja jiji. Treni za chini ya ardhi ziligeuzwa kuwa kampuni mwaka 2018, na mwaka 2022 chuo kikuu cha jiji kikaunganishwa na cha mkoa. Mwaka 2021 ilipitishwa sheria ndogo ya kuhamishia mkoani sehemu ya kazi za mipango miji. Wanamageuzi hujibu kwamba amani hii inategemea chama kimoja kushika viti vyote viwili, na kwamba siku viti vikigawanyika, ugomvi utarudi. Ni kweli. Lakini chama kimoja kushika viti vyote kuna gharama yake. Maonyesho ya Dunia ya 2025, yaliyofanyika kwenye kisiwa cha Yumeshima, yalivutia zaidi ya watu milioni 25, na ni ushirikiano wa jiji na mkoa ulioyawezesha. Bajeti ya ujenzi wake pia ilipanda kutoka yen bilioni 125 hadi bilioni 235, na kisiwa hichohicho kinajengwa kasino inayopangwa kufunguliwa mwaka 2030. Meya na gavana wanaotoka chama kimoja hawana sababu kubwa ya kuulizana maswali magumu kuhusu mradi wa pamoja.

Mjadala huu haujafa. Oktoba 2025 Ishin iliingia katika makubaliano ya kuunda serikali ya taifa, na miongoni mwa masharti yake ni kuwa na mji mkuu wa pili, nafasi ambayo Osaka inaitamani waziwazi. Kura ya tatu ikija, mimi ningeuunga mkono mpango wenye mambo matatu: sheria yenye mlango wa kurudi, hesabu zilizokaguliwa na chombo kisicho chini ya meya wala gavana na kutangazwa miezi kabla ya kura, na kiwango cha mgao wa kodi kilichoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Bila hayo, jibu la 2015 na 2020 bado ndilo sahihi.