Kusajili alama ya biashara: jina, nembo, au vyote pamoja?

Anayeomba kusajili alama ya biashara hukutana mapema na swali hili: asajili jina kwa herufi za kawaida, nembo peke yake, au vyote viwili vikiwa vimeunganishwa? Wengi huchukua njia ya tatu, kwa kuwa ombi ni moja na lebo inaingia nzima kama ilivyo. Naona wanaharakisha mno.

Jina likisajiliwa kwa herufi za kawaida, haki inalifuata popote, liandikwe kwa mwandiko au rangi yoyote. Nembo, kwa upande wake, hubadilika. Mwaka 2011 Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani, iliondoa jina kwenye nembo yake ikabakiza picha ya nguva. Aliyesajili jina na mchoro kwa pamoja, akibadili mchoro kwa kiasi kikubwa, mara nyingi atalazimika kuomba upya na kulipa upya.

Lakini wanaotetea nembo wana hoja nzito. Jina linaloeleza bidhaa tu halisajiliki kirahisi. Chukua sabuni iitwayo "Safi": msajili ana sababu ya kulikataa, kwani kila muuza sabuni anahitaji kusema sabuni yake ni safi. Likiambatana na mchoro wa pekee, ombi linaweza kupita. Hapo ndipo watu hujidanganya. Kinacholindwa ni ule mchoro na mpangilio wake. Neno "safi" halijawa mali ya mtu. Mwingine akilichapisha kwenye sabuni yake bila kuiga mchoro, cheti hakitamzuia.

Kwa hiyo jina ndilo la kupimwa kwanza. Likiwa la kubuni, ningeliombea lenyewe kabla ya nembo. Likiwa la kueleza bidhaa, ningelibadilisha kabla lebo hazijachapishwa, ingawa najua inauma.

Kuna suala la ada pia. Uainishaji wa Nice, mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa na huduma kwa ajili ya usajili wa alama, una makundi 45, yaani 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na nchi nyingi hutoza kwa kila kundi. Maombi mawili katika makundi matatu ni ada sita. Fedha zikiwa chache, heri kupunguza makundi kuliko kuacha jina bila ombi lake, maana kusajili bidhaa usizouza hakukupi ulinzi wa kudumu: katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, alama isiyotumika miaka 5 mfululizo kwa bidhaa fulani inaweza kufutwa kwa bidhaa hizo.