Sungura Anakonda, Nanyi Mnakimbilia Dawa ya Minyoo

Ushauri huu hauishi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafugaji hapa Dodoma. Mtu anaandika kwamba sungura wa wanawe amekonda, mgongo umebaki mifupa, na hapo hapo anajibiwa ampe dawa ya minyoo. Asipopata nafuu, afungue kapsuli ya amoksilini aikoroge kwenye maji ya kunywa. Hakuna anayeuliza mnyama ana uzito gani, analishwa nini, wala kama bado anakula. Inaniuma, kwa sababu sehemu ya pili ya ushauri huo inaua, na ile ya kwanza inapoteza siku ambazo sungura hana.

Nianze na amoksilini ili tuimalize. Sungura hutegemea bakteria walio kwenye mfuko mkubwa wa mwanzo wa utumbo mpana; hao ndio wanaomchachushia majani. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kumeza, pamoja na klindamaisini na linkomaisini, huwafyeka bakteria hao na kuwaachia nafasi wale wa jamii ya Clostridium, ambao hutoa sumu. Sungura anaharisha majimaji na anakufa ndani ya siku chache, halafu mwenyewe anaambiwa "alichelewa kupata dawa". Hapana. Aliuawa na dawa. Zipo antibiotiki anazozivumilia, enrofloksasini mojawapo, lakini hata hiyo itolewe na daktari wa mifugo aliyeona sababu ya kuitoa.

Kabla ya dawa yoyote, nunua mzani. Mzani wa kidijitali wa jikoni unaopima hadi kilo 5 unatosha kwa sungura wengi wa mjini. Weka beseni juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, muweke sungura ndani, andika. Fanya hivyo siku moja kila wiki, asubuhi, kabla hajala. Macho hayafai kwa kazi hii, maana manyoya yanaficha. Ukigundua kwa kutazama tu, ameshapungua sana. Sungura wa kilo 2.5 akipoteza gramu 125, yaani asilimia 5, anza kumpima kila siku na kumchunguza. Akipoteza gramu 250, huyo ni wa daktari, tena wiki hiyo hiyo. Pitisha vidole mgongoni pia: pingili za uti zinapaswa kuguswa zikiwa za mviringo, zimefunikwa na nyama. Zikiwa na ncha, na mifupa ya nyonga imechomoza, amekuwa akikonda kwa muda mrefu. Jike aliyezaa au anayenyonyesha atapungua, na huyo kwanza aongezewe chakula.

Kisha mtegee vyakula vitatu: jani laini la mchicha au tembele, kipande cha karoti, na nyasi kavu. Kaa pembeni umtazame. Akija mbio, akanusa, akachukua karoti halafu akaiangusha, au akala jani laini na kuziacha nyasi, njaa anayo na mdomo unauma. Asiposogea kabisa, akajikunyata na kusaga meno, maumivu yako tumboni au kwingine. Akila vyote vitatu kwa hamu na bado anakonda, hapo ndipo pa kufikiria vimelea, chakula kidogo, kunyang'anywa na mwenzake bandani, au uzee na figo. Jaribio hili ni la robo saa na halina gharama, na linakwambia mengi kuliko chupa yoyote ya dukani.

Kwa sungura wazima wanaofugwa nyumbani, wa kwanza kushukiwa awe meno. Sungura ana meno 28, na yote yanakua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Yasipolika kwa kutafuna, magego ya juu huota ncha kuelekea shavuni na ya chini kuelekea ulimini, na kila anapotafuna anajikata. Dalili ziko wazi kwa anayezijua: kidevu na kifua vimelowa udenda, jicho moja linatoa machozi kwa sababu mizizi ya meno ya juu imebana mfereji wa machozi, taya la chini lina vinundu ukilipapasa. Manyoya hayajalambwa, na kile kinyesi laini cha usiku, ambacho kwa kawaida hukila moja kwa moja, kimeganda makalioni. Mfunue midomo uone meno ya mbele: ya juu yanapaswa kukaa mbele kidogo ya yale ya chini, yamenyooka, makali. Magego huwezi kuyaona kwa kufunua mdomo tu. Kuyaona kunahitaji taa na kifaa cha kutazamia, na kuyasaga kunahitaji dawa ya usingizi na mtu anayejua kipimo chake kwa sungura. Nawasihi, mtu yeyote asimkate sungura meno kwa koleo au kikatia kucha. Jino linapasuka kwa urefu, ufa unashuka hadi kwenye mzizi, na usaha unaanza ndani ya taya, mahali ambapo kuutoa ni kazi ngumu mno.

Na kwa nini meno yanaharibika? Kwa sababu hamuwapi nyasi. Hapa sitalainisha maneno. Sungura wa mitaa yetu ya hapa Dodoma, kama Kisasa, Ilazo na Nkuhungu, wengi wanaishi kwa pumba za mahindi, mabaki ya kabichi na karoti. Pumba zinamezwa baada ya kutafunwa kidogo, taya likienda juu na chini. Nyasi ndefu zinalazimisha taya kwenda kando kwa kando, mara nyingi mno kwa siku, na mwendo huo ndio unaosaga magego. Kipande cha mti mnachomtupia agugune hakisaidii magego. Kinasaga meno ya mbele tu. Zaidi ya hapo pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, kwa hiyo hata mfupa unaoshika meno unadhoofika. Nyasi ziwe sehemu kubwa zaidi ya chakula chake, mbele yake usiku na mchana. Peleti, zile punje za chakula cha dukani, ziwe kama gramu 25 kwa kila kilo ya uzito. Kwa sungura wa kilo 2.5 ni gramu 60 kwa siku, basi. Karoti ni kionjo.

Najua jibu linalokuja: Dodoma ni kavu, nyasi tutazitoa wapi. Mvua zetu zinaanza Desemba na kukoma Aprili, kweli, na baada ya hapo ni vumbi mpaka mwisho wa mwaka. Lakini sungura hahitaji nyasi mbichi! Anahitaji kavu, na mkoa huu ni wa nyasi kavu. Kongwa iko mlangoni kwetu, ina ranchi ya taifa na kituo cha utafiti wa malisho, na marobota ya hei yanauzwa kwa wenye ng'ombe. Piga hesabu: sungura wa kilo 2.5 anakula kama gramu 100 za nyasi kavu kwa siku. Kuanzia Mei hadi Novemba ni takriban kilo 21. Ongeza zile atakazozikanyaga na kuzikojolea, sema kilo 30. Hayo ni marobota mawili ya kilo 15, kwa kiangazi kizima. Hakuna kaya iliyoweza kununua sungura na banda ikashindwa kununua marobota mawili.

Asiyetaka kununua akate mwenyewe, lakini akate mapema. Nyasi zikatwe Machi au Aprili zinapoanza kutoa maua, zingali na rangi, zitandazwe penye upepo na kivuli siku mbili tatu zikigeuzwa, kisha zihifadhiwe juu ya mbao, mbali na sakafu na paa linalovuja. Zinazosimama porini Septemba zimebaki nyuzi tupu, ingawa hata hizo kwa meno ni bora kuliko pumba. Zikiwa na madoa meusi, vumbi la kupaliza au harufu ya ukungu, tupa zote. Kishona nguo, majani ya alizeti na majani ya mzabibu yanafaa kama nyongeza, ila yale ya shamba la zabibu lililopigwa dawa yaacheni huko huko. Lukina, ule mti wa malisho, nayo ipo kila mahali hapa, na watu wanaimwaga bandani kwa mafungu kwa kuwa mbuzi wanaipenda. Ina sumu iitwayo mimosini. Sungura akilishwa kwa wingi, ananyonyoka manyoya na kukonda.

Jambo jingine ambalo mkoa huu haukupaswa kulisahau ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi zaidi: ini linaharibika, hamu ya kula inakufa polepole, uzito unashuka bila kuharisha. Mahindi yaliyokataliwa jikoni kwa ukungu ndiyo yanayosagwa yakawa pumba, na mashudu ya karanga ni hatari vilevile. Kisichofaa kwa ugali wa watoto kisipelekwe bandani.

Haya, koksidia, vimelea vidogo vya utumbo na ini visivyoonekana kwa macho. Nakubali, vimelea vipo, na kwa watoto wa sungura wa wiki 4 hadi 16 ndivyo vya kwanza kushukiwa: tumbo kubwa, mgongo mwembamba, kuharisha, vifo vya ghafla. Lakini koksidia si minyoo, na dawa ya minyoo haiwagusi hata kidogo. Wanatibiwa kwa toltrazurili au dawa za sulfa kwa kipimo cha uzito, huku kinyesi kikiondolewa kila siku, kwa sababu mayai yao huhitaji kukaa nje siku kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza. Minyoo yenyewe, ile myembamba myeupe inayoonekana kwenye kinyesi cha sungura, ni nadra kumkondesha. Albendazoli mnayoipenda imewahi kuharibu uboho wa sungura. Pelekeni kijiko kimoja cha kinyesi kibichi cha siku hiyo, kwenye kichupa safi, maabara ya mifugo, mtibu kinachoonekana. Magamba mazito masikioni ni utitiri, unaotibiwa kwa aivamektini. Sungura wa kilo 2.5 hahitaji zaidi ya sehemu ya kumi ya mililita moja ya ile ya asilimia 1, kwa hiyo apimiwe na daktari kwa sirinji ya insulini. Dawa za viroboto zenye fipronili ni za mbwa na paka. Sungura zinaweza kumuua.

Maji. Haya ya visima vyetu yana chumvi, na kile kidude cha chuma cha chupa ya sungura kinaziba taratibu bila mtu kujua. Asiyekunywa hali. Kigonge kila asubuhi uone tone, au tumia bakuli zito la udongo. Oktoba na Novemba joto linapopita nyuzi 30 sungura hupunguza kula, na banda lililoezekwa bati bila kivuli ni tanuri; chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kitambaa, iwekwe aiegemee.

Sungura aliyekaa saa 12 bila kula na bila kutoa kinyesi ni dharura, hata kama jana alikuwa mzima. Utumbo wake ukisimama, gesi na maumivu huzidi kumkatalisha kula, na aliyekuwa mnene ini lake hujaa mafuta kwa kasi. Mpigie daktari. Ukiwa unamsubiri, papasa tumbo kwanza: likiwa limevimba na gumu, masikio ya baridi, usimlishe kitu, mpe joto na mkimbize. Likiwa laini, loweka peleti zake kwenye maji ya uvuguvugu, saga, chuja, na mlishe kwa sirinji isiyo na sindano. Kipimo ni mililita 50 za uji huo kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo wa kilo 2.5 anapata mililita 125, zigawe mara tano. Mfunge taulo, akae kwa miguu yake, kamwe usimlaze chali. Ncha ya sirinji ipite pembeni, nyuma ya meno ya mbele, umpe nusu mililita hadi moja, ungoje ameze. Ukisukuma kwa haraka inaingia kwenye mapafu.

Akianza kurudi, msimjaze mtama na mahindi ili anenepe. Wanga mwingi unachafua tumbo lile lile mlilookoa. Ongezeni lusini (alfalfa) kavu kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, nyasi zikiwa palepale, na mzani kila siku mpaka uzito utulie.

Madaktari wanaojua meno ya sungura hapa Dodoma si wengi, hilo nalikiri, na safari ya hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, ina gharama. Na magego yakishaharibika mara nyingi husagwa tena kila baada ya wiki chache, maisha yake yote. Mnaopanga kuwaletea watoto sungura likizo hii, ulizeni bei ya huduma hiyo na bei ya robota kabla hamjauliza bei ya sungura.