Kilo ni namba jamani, si shairi!

Msimu wa korosho ukifika, mimi hapa Mtwara nakesha na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Makarani wananitumia taarifa za mizigo kwa ujumbe wa simu, maandishi matupu, niyageuze kuwa rekodi: jina, wilaya, daraja, kilo. Programu ya mistari kumi tu, kama watu wangeandika sawasawa!

Mmoja anaandika "kg 1,250". Mwingine "1250kilo". Wa tatu, "elfu moja mia mbili na hamsini". Kwa maneno! Ukiipa Python int("1,250"), yaani igeuze maandishi hayo kuwa namba, inakutupia ValueError, ujumbe wa kosa, papo hapo. Haya, nikafuta mikato yote. Kesho yake kaja mtu na "62,5", mkato wake ndio nukta ya desimali. Gunia moja likasoma kilo 625! Gunia gani hilo, la kubebwa na tembo?

Na wilaya ya Tandahimba? "T/himba", "Tandaimba", "THB". Ukikata mstari penye nafasi, mkulima mwenye majina matatu kilo zake zinahamia kwenye safu nyingine, na malipo ya mnada anayasubiri yeye, si karani. Hivi nyinyi wenzangu mnaosafisha data mnalala saa ngapi?

Makarani, wekeni mstari wima (|) kati ya kila kitu. Kitufe kimoja tu, nawasihi!