Dhuluma ya dini huanzia dirisha la usajili

Habari za dini za wachache hutufikia zikiwa zimechelewa. Tunazisikia nyumba zikiwa tayari zinaungua na watu wanavuka mpaka na watoto mgongoni, kisha tunaambiwa kwamba hayo ni matokeo ya chuki ya karne nyingi. Maelezo hayo siyakubali. Majirani wa dini mbalimbali wamegombana na kupatana tangu enzi za mababu. Ugomvi wao hugeuka mateso pale dola inapochagua upande, na dola huchagua upande kwa karatasi: kitambulisho, sensa, daftari la wapiga kura, kibali cha ujenzi.

Myanmar ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Sheria ya uraia ya 1982 iliuweka uraia kamili mikononi mwa makabila yanayohesabiwa kuwa ya asili, yaani yaliyokuwapo kabla ya 1823, na serikali ina orodha rasmi ya makabila 135. Warohingya, Waislamu wa jimbo la Rakhine, hawamo. Mwaka 1989 vilianza kutolewa vitambulisho vyenye rangi tofauti kulingana na aina ya uraia, na Warohingya wengi walisalimisha vya zamani wakisubiri vipya ambavyo hawakupewa. Baadaye walipewa kadi nyeupe za muda. Sensa ya 2014 haikuwaruhusu kujiandikisha kwa jina lao wenyewe. Mwaka 2015 kadi nyeupe zikafutwa, na uchaguzi wa Novemba mwaka huo ukapita bila wao. Chama cha mpigania demokrasia Aung San Suu Kyi, kilichoshinda kwa kishindo, hakikusimamisha mgombea hata mmoja Mwislamu nchi nzima.

Wengi huona jambo hilo la wagombea kuwa dogo. Kwangu ndilo kubwa. Mwanasiasa ni mtu wa hesabu: jamii isiyopiga kura haimwongezei wala kumpunguzia kitu, lakini kuisema vibaya jukwaani kunamletea kura za wengine. Kufikia Agosti 2017, jeshi lilipoanza operesheni iliyowakimbiza watu zaidi ya 700,000 hadi Bangladesh, hapakuwa na mbunge wa kuwatetea, na kwa mujibu wa makaratasi hapakuwa hata na raia wa kutetewa. Kesi iliyofunguliwa na Gambia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2019 ilihusu mauaji ya kimbari. Kazi ya kalamu iliyoandaa njia ilikuwa imefanyika miaka 35 kabla ya operesheni hiyo.

Pakistan ilitumia njia nyingine, nayo inafundisha zaidi kwa sababu huko walengwa ni raia. Mwaka 1974, chini ya Waziri Mkuu Zulfikar Ali Bhutto, katiba ilirekebishwa ikatamka kwamba Waahmadiyya, wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wanaojihesabu kuwa Waislamu, si Waislamu. Bhutto hakuwa shehe. Alikuwa mwanasiasa aliyejiita msoshalisti, aliyebanwa na maandamano, akalipa deni lake la kisiasa kwa haki za watu wengine. Mwaka 1984 mtawala wa kijeshi, Jenerali Zia-ul-Haq, akaongeza kwenye kanuni za adhabu vifungu vya 298-B na 298-C: Muahmadiyya akijiita Mwislamu, akiita nyumba yake ya ibada msikiti, au akiadhini, anaweza kufungwa hadi miaka mitatu na kutozwa faini. Mwaka 2002, chini ya Rais Musharraf, uchaguzi ulirudishwa kwenye daftari la pamoja, lakini Waahmadiyya wakawekewa orodha yao peke yao. Kwa hiyo Muahmadiyya akitaka kupiga kura, kwanza akubali kwa maandishi kwamba yeye si yule anayeamini kuwa ndiye. Wengi huacha kupiga kura. Mwombaji wa pasipoti anayejitambulisha kuwa Mwislamu naye husaini tamko la kumkana mwanzilishi wa Ahmadiyya, hivyo kila anayesafiri hushirikishwa, apende asipende. Mtu hahitaji kuwachukia ili aidhinishe, kwa kuwa foleni ni ndefu na fomu ni moja.

Sheria ya kukufuru ya Pakistan, kifungu cha 295-C, ina ubovu wa aina yake. Adhabu ni kifo. Maneno yanayodaiwa kusemwa ni vigumu hata kuyarudia mahakamani, kwani kuyarudia nako kunaweza kuitwa kukufuru, na hakimu wa ngazi ya chini anajua nani anamsubiri nje. Matokeo yake mahakama za chini hutia hatiani, na kazi ya kuchambua ushahidi huachiwa mahakama za juu miaka mingi baadaye. Asia Bibi, mwanamke Mkristo, alihukumiwa kifo mwaka 2010 akaachiwa na Mahakama ya Juu mwaka 2018. Kati ya tarehe hizo, Gavana wa Punjab, Salman Taseer, aliyemtetea, aliuawa na mlinzi wake mwenyewe. Hivyo anayesema "tusubiri rufaa" aulize pia kama mtuhumiwa na wakili wake wataishi kuiona.

Kuna dhuluma isiyomwaga damu hata kidogo, na hiyo haina picha ya kuonyesha. Katiba ya Iran inawatambua Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo tu kuwa dini za wachache. Wabahai, wafuasi wa dini iliyozaliwa hukohuko Iran karne ya 19, hawamo, na waraka wa serikali wa mwaka 1991 uliagiza wafukuzwe chuo kikuu wakijulikana. Wao wenyewe walikuwa tayari wameanzisha masomo ya juu majumbani tangu 1987. Tuhuma wanayobebeshwa ni kuwa majasusi wa Israel, eti kwa sababu makao yao makuu yako Haifa, Israel. Lakini mwanzilishi wao alipelekwa Akka, mji ulio karibu na Haifa, na dola ya Uthmaniya kama mfungwa mwaka 1868, miaka 80 kabla Israel haijawepo. Misri nayo iliwaambia wachague kati ya Uislamu, Ukristo na Uyahudi au wakose kitambulisho, hadi mwaka 2009 ilipokubaliwa nafasi ya dini iwekwe kistari. Nafuu ilipatikana, ingawa kistari hicho chenyewe kinamtambulisha mwenye kadi kwa kila askari na kila karani.

Mara nyingine hata teolojia haihusiki. Malawi ya Kamuzu Banda iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967, na walipokataa kununua kadi ya chama tawala wengi walipigwa wakakimbilia nchi jirani. Eritrea iliwavua uraia Oktoba 1994 kwa kukataa kupiga kura ya uhuru na kukataa jeshi. Hakuna kiongozi kati ya hao aliyejali fundisho la Utatu, ambalo Mashahidi hulikataa. Walichokataa kuvumilia ni kundi lenye utii mwingine ulio juu ya utii kwa chama.

Na kwa kuwa chanzo ni siasa, nawashuku pia watetezi wa nje. Sheria ya uraia ya India ya Desemba 2019 ilisema inawaokoa waliodhulumiwa kidini kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, ikawataja Wahindu, Masingasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo. Waahmadiyya, ambao kuteswa kwao Pakistan kumeandikwa ndani ya katiba, hawakutajwa. Warohingya nao hawakuingia, kwani Myanmar, ingawa inapakana na India, iliachwa nje ya orodha. Kipimo changu ni hicho: mtetezi akiwaona wanaoteswa pale tu mtesaji anapokuwa hasimu wake, anachotafuta ni hoja ya kisiasa, na waumini wanaobaki kule watalipa gharama ya kuonekana vibaraka wa nje.

Msaada ulio wa kweli una sura ya kuchosha, nayo ni hifadhi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 umeitaja dini kuwa miongoni mwa sababu tano za kustahili hifadhi, lakini maombi mengi huharibikia kwenye mahojiano. Ofisa humgeuza mwombaji mwanafunzi: taja mitume 12, taja sikukuu zenu. Muumini wa kawaida asiyesoma hushindwa, mwongo aliyekariri hufaulu. Maswali yenye faida ni ya maisha: mliabudu wapi, nani alijua, mlijifichaje, nini kilibadilika baada ya kujulikana. Kosa jingine ni kumwambia arudi akaabudu kimyakimya. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikataa hilo Septemba 2012, katika kesi ya Waahmadiyya wawili walioomba hifadhi Ujerumani: kama ibada ya hadharani ni sehemu ya imani ya mtu, hatakiwi kuiacha ndipo awe salama. Ushauri wa kuhamia mji mwingine nao haufai pale adhabu imo kwenye sheria ya nchi nzima. Na mkalimani atafutwe kwa uangalifu. Akiwa wa dini ya walio wengi, kutoka mkoa uleule, mwombaji anaweza kulificha lile hasa lililomkimbiza, na faili litafungwa kwa maneno kwamba maelezo yake hayakutosha.