Kwa samoni, nunua mshipi kabla ya fimbo

Anayetaka kuvua samoni na stilihedi, trauti anayeenda baharini na kurudi mtoni, kwa nzi bandia huanza kuulizia fimbo, na akiwa na fedha ataondoka na ya dola elfu moja. Mimi ningempeleka kwanza kwenye mishipi. Uvuvi huu hautumii chubwi. Nzi ni manyoya tu yaliyofungwa kwenye ndoana, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni uzito wa mshipi. Fimbo ya bei mbaya isiyolingana na mshipi wake itakutesa kutwa.

Namba iliyoandikwa kwenye fimbo ndiyo inayokuambia uzito wa mshipi wake. Stilihedi (spishi ileile ya trauti waliopandikizwa mito ya Mlima Kenya) anataka namba 7 au 8. Kwa chinuki, samoni mkubwa kuliko wote, panda hadi 9 au 10. Wapo wanaojisifu kumtoa stilihedi kwa namba 5. Sioni sifa hapo. Samaki aliyevutanishwa muda mrefu huachiwa akiwa hoi na anaweza kufa baadaye, na katika jimbo la Washington, Marekani, stilihedi wa asili karibu kila mahali ni lazima aachiwe. Wa kupeleka jikoni ni yule wa kituo cha kuzalishia samaki, aliyekatwa kama alama kipezi cha mgongoni karibu na mkia.

Fimbo ya mikono miwili, ya futi 13 hivi, ina mahali pake. Mto Skagit, hukohuko Washington, wakati wa baridi ni mpana, na miti imesogea hadi ukingoni. Ukirusha mshipi nyuma, umenasa. Urushaji wa fimbo hii, usiohitaji nafasi nyuma, ulitoka mto Spey, Uskoti. Wavuvi wa Skagit wakaufupisha mshipi na kuuongezea uzito ili ubebe ncha inayozama pamoja na nzi mkubwa, na hadi leo mshipi huo huitwa Skagit. Kwenye kijito fimbo hiyo ni mzigo mtupu. Futi 9 au 10 ya mkono mmoja inatosha.

Rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, isikuumize kichwa: breki isiyokwama na yadi 150 za uzi wa akiba nyuma ya mshipi, basi. Chenji inayobaki iende kwenye viatu vyenye njumu, maana mawe ya mito hii yanateleza kama sabuni, na mkanda wa kubana kiunoni juu ya suruali ya kuzuia maji, ili ukianguka isijae.