Samweli Hakula Rushwa, Wanawe Walikula: Je, Mfano wa Mzazi Watosha?

Nabii Samweli, mwamuzi wa Israeli, alipokuwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya Israeli akauliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, na ni mkononi mwa nani alipokea rushwa. Watu wakashuhudia kwamba hakumdhulumu mtu (1 Samweli 12:3-4). Lakini sura chache nyuma imeandikwa kuhusu Yoeli na Abiya, wanawe wa kuzaa: "hawakuenda katika njia zake, bali waliziacha, ili wapate faida, wakapokea rushwa, na kupotosha hukumu" (8:3). Mikono ya baba ilikuwa safi, ya wana ilikuwa michafu. Kila anayehubiri kwamba mtoto haigi ila anachokiona nyumbani inabidi ajibu habari hii.

Hata hivyo wanaotetea mfano wana hoja nzito. Mtoto wa miaka minne haelewi Utatu Mtakatifu, ila anajua mama hupiga magoti kabla ya kulala, na anajua kama baba hupiga pia. Mwaka 2009 mwanaanthropolojia Joseph Henrich alitoa hoja kwamba binadamu hupima maneno ya anayemfundisha kwa matendo yanayomgharimu huyo mwalimu. Ndiyo maana sadaka ya mzazi hufundisha pale mtoto anapojua kilichoachwa ili itolewe. Sarafu anayopewa mtoto kwenye lango la kanisa aende akaitumbukize kapuni haimfundishi kutoa, maana haikuwa yake. Akipewa fedha yake ya wiki, hata shilingi 1,000, akaamua mwenyewe atenge ngapi, hapo anatoa.

Na mfano mbaya hupenya upesi zaidi. Mwenye deni amegonga mlango, mzazi ananong'ona, "Mwambie sipo." Somo la amri inayokataza uongo, ya nane, au ya tisa kwa wanaohesabu hivyo, limefutwa kwa maneno mawili, tena mtoto ndiye aliyetumwa kulifuta.

Upande wa pili unasema mfano usio na maneno ni bubu. Mtoto akimwona baba amekataa "chai" ofisini, anaweza kudhani aliogopa kufukuzwa kazi. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, aliliona pengo hili alipokagua sharika za Saxony, Ujerumani, mwaka 1528: watu waliobatizwa, wanaoshiriki meza ya Bwana, hawakujua Sala ya Bwana wala Imani ya Mitume. Mwaka uliofuata akaandika Katekisimu Ndogo, na juu ya kila sehemu akaagiza kwamba mkuu wa nyumba aifundishe kwa watu wa nyumbani mwake, tena akataka awahoji angalau mara moja kwa wiki. Leo kazi hiyo tumemkabidhi mwalimu wa kipaimara au katekista. Mzazi anauliza ada na rangi ya nguo ya sherehe, hamuulizi mwanawe alichojifunza. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, uliwaita wazazi wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao, kwa neno na kwa mfano. Vyote viwili vimetajwa.

Kwa maoni yetu, Torati ilikwisha kuufungua mlango kati ya pande hizi. Kumbukumbu la Torati 6:7 inaagiza maneno ya Mungu yanenwe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani", na aya ya 20 inatazamia mtoto atauliza maana yake ni nini. Tendo linatangulia, swali linazaliwa, mzazi anajibu kwa habari ya wokovu wake: tulikuwa watumwa wa Farao. Mfano mzuri ni ule unaomfanya mtoto aulize, naye akimkuta mzazi ana jibu na ana muda.

Muda ndio mgumu. Mzazi wa mjini anayetoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku anaonwa na wanawe akiwa amechoka tu. Mfano wanaouishi kutwa ni wa dada wa kazi. Kwa nyumba kama hiyo, sala ya familia ya dakika 10 mara tatu kwa wiki, kabla ya chakula na si baada yake, hudumu kuliko ya kila siku inayokufa mwezi wa pili. Ubeti mmoja wa wimbo, aya sita au saba zisomwe na mtoto, swali moja, kisha kila mmoja aombee jambo moja. Inaharibika kwa njia mbili: ikirefushwa hadi wadogo wanasinzia, au ikigeuzwa kuwa ya mafumbo, "Bwana, mguse yule asiyetaka kusoma." Kijana anayesemwa mbele za Mungu ataikimbia sala yenyewe. Paulo alionya: "msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa" (Wakolosai 3:21).

Mzazi akikosea, na amuombe mtoto radhi siku hiyohiyo: alitaje kosa, asiongeze "lakini", aombe kusamehewa, arekebishe alichoharibu. Wengine huhofia heshima itapungua. Lakini toba ambayo mtoto hajawahi kuiona kwa mkubwa hubaki neno la ibadani. Mwanasosholojia Vern Bengtson, aliyefuatilia familia zaidi ya 350 huko California kuanzia mwaka 1970, aliona imani ikirithiwa zaidi pale ambapo mtoto alihisi ukaribu na mzazi, hasa baba. Kwetu yupo pia bibi, kama Loisi kwa Timotheo.

Wa bweni je? Samweli mwenyewe alilelewa mbali, hekaluni. Hana mamaye alimtembelea mwaka kwa mwaka, na kila safari alimpelekea kanzu ndogo aliyomtengenezea. Kanzu ya kumtosha mtoto anayekua hudai mama akumbuke kimo chake. Siku ya kutembelea wanafunzi, kabla ya kuuliza alama za hisabati, mzazi anaweza kumuuliza mwanawe anaomba na nani, na kumwambia ni usiku upi wa juma nyumbani wanamtaja kwa jina.